Meneja Aliposema "Sisi"

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Pasi ya moto haiogopi. Kalamu ndiyo inayomtoa jasho. Alipojiandikisha masomo ya jioni, majirani walimtania kwamba anatafuta mchumba mwalimu, naye akacheka nao.

Safari hii darasani waliambiwa waandike insha ya kuchambua hotuba. Akachagua hotuba ya meneja wao, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoikumbuka neno kwa neno. Meneja aliitoa siku ilipoletwa mashine mpya ya kunyoosha mashuka, na shangazi alirudi nyumbani siku hiyo anaimba.

Insha ya kwanza ilirudi na wino mwekundu: "Huu ni muhtasari. Usiniambie amesema nini. Niambie amefanyaje mpaka mkamkubali. Kwa mfano, 'sisi' yake ni akina nani?"

"Sisi si ni sisi!" alifoka. "Mwalimu gani huyu hajui sisi?"

Jumapili mchana akakaa mezani, mimi ninayeishi kwake nikimenya viazi upande wa pili. Akaandika upya maneno ya meneja, akaanza kupigia mstari kila "sisi" na kila "tu". Sisi ni familia moja. Tumetoka mbali. Tumepata mashine. Tutakua. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwanangu, hebu sikia. 'Wapiga pasi, mmetufikisha hapa. Hamtasahauliwa.' Mbona hapa tumekuwa ninyi?"

Nikaacha kumenya.

"Na hii, 'nafasi zitapangwa upya.' Zitapangwa na nani? Kila kizuri kina mwenyewe, tumefanya, tumepata. Hiki hakina mwenyewe."

"Labda ndivyo anavyoongea tu, shangazi," nilisema, lakini hata mimi mwenyewe sikuyaamini maneno yangu. Kodi, chakula, ada yangu ya chuo, vyote vilitoka kwenye ile pasi.

"Anayeambiwa hatasahauliwa ni yule anayeondoka," alisema. "Hakuna anayemwambia hivyo mtu atakayemwona kesho kazini."

Akampigia simu shoga yake anayepiga naye pasi meza moja. Nilisikia kicheko upande wa pili: "Wewe, masomo yamekupanda kichwani! Si umemsikia mwenyewe akisema sisi ni familia?" Shangazi akajaribu kumweleza habari ya "tu" na "m", akashindwa, akaaga. Akaweka simu mezani, akaishika tena kalamu, na mimi, mtu mzima niliyemaliza shule, nilitamani insha ile isingetungwa kamwe. Mwalimu naye anakuja kuuliza "sisi" ya nini, kana kwamba watu hatuna la kufanya!

Nilimwambia apumzike, achague hotuba nyingine, hata ya harusi. Akakataa. Aliandika kwa woga ulioonekana hata mgongoni, aya baada ya aya, akifuta na kuandika tena, mpaka akafika swali la kumalizia: je, hotuba ilifanikiwa kumshawishi msikilizaji?

Hapo hakufikiri sana. Aliandika: "Ilifanikiwa. Alipotuaga tulipiga makofi, na mimi nilisimama."