Mama aliyesimama nyuma ya maharusi

Saa moja asubuhi. Pancras Faustini (46) anafuta lenzi kwa kitambaa laini, polepole, kama anavyofanya kila siku kabla ya kufungua studio yake ya picha Nyamiaga, wilayani Ngara. Vumbi jekundu la huku halina likizo.

"Fundi, unaifuta au unaibembeleza?" anamtania Adelfina, muuza chai wa jirani.

Kabla hajajibu, mlango unasukumwa. Anaingia mwanamke aliyevaa kitenge cheusi, uchovu wa safari ya kutoka Biharamulo bado uko usoni.

"Shikamoo, kaka Pancras."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae."

Ni Jovina. Pancras ndiye aliyempiga picha za harusi miaka minne iliyopita, nyumbani kwao Bukiriro. Jovina anatoa picha kwenye bahasha. Mbele, yeye na mumewe wanaonekana hadi kope. Nyuma yao, kando ya migomba, kuna umbo lisilo na sura, limevaa njano. Ni mama yake, Bonifasia, aliyezikwa mwezi uliopita.

"Naomba umtoe mama kwenye ukungu," anasema. "Tunataka picha ya kuweka kanisani siku ya misa yake. Ya kitambulisho ipo, lakini pale amekaza uso kama anaogopa."

Pancras anaisogeza picha kwenye mwanga.

"Ukungu huu niliutengeneza mwenyewe," anasema.

Simu zilipomnyang'anya wateja wa picha za pasipoti, harusi ndizo zilizobaki kumlisha, na maharusi walitaka ukungu nyuma yao. Ili kuupata, alitumia lenzi ndefu inayovuta, akafungua tundu lake la kupitishia mwanga hadi mwisho, akawasogelea. Kamera ikitumiwa hivyo, huona vizuri sehemu nyembamba tu, kama upana wa kiganja. Kilicho mbele au nyuma ya hapo huyeyuka.

Bonifasia alikuwa amesimama hatua kadhaa nyuma, na alikuwa na sababu. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe hamkaribii mume wa binti yake.

"Kumwita asogee ningemvunjia heshima," anaeleza Pancras. "Lakini ningeweza kurudi nyuma mimi. Nibadili lenzi, niweke fupi, nibane tundu libaki dogo. Wote wangetokea, naye angebaki palepale. Sikufanya."

Hata hivyo anajaribu. Anaiingiza picha kwenye kompyuta, na baada ya muda uso unajitokeza kwenye kioo, laini, unang'aa.

Jovina anainama kuutazama. "Huyu amepata wapi meno yote haya? Mama alikuwa na pengo!" Anacheka, kisha anageuza uso.

"Kompyuta inakisia tu," anasema Pancras, akiufuta uso ule. "Sura yake haimo humu."

Jumamosi ana harusi Murusagamba. Anasema ameshaamua: kuanzia sasa, picha ya kwanza ataipiga akiwa mbali, tundu likiwa dogo, akina mama wakwe wakiwa popote walipochagua kusimama. "Huo ukungu maharusi watanidai baadaye."

Jovina anaitikia kwa kichwa, lakini haondoki. Anaikunja bahasha, anaikunjua, anaikunja tena.

"Kaka, ya misa tutatumia hiyo ya kitambulisho," anasema mwishowe. "Mama alitaka nimalize chuo kwanza. Wiki nzima ya harusi hakunisemesha. Alipokuja kusimama pale, mimi nilikuwa nimempa mgongo. Wewe ndiye uliyekuwa umemwelekea." Sauti yake inashuka. "Nimekuja kukuuliza, alikuwa anacheka?"

Pancras anavua miwani.

"Sijui, mdogo wangu. Nilikuwa natazama macho yako."