Ngoma Aliyoondoka Nayo Lindalva

Kuna Jumanne moja, mwanangu, ambayo kama ningejaliwa kuisahau ningeshukuru. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nilishuka basi Soho Road, huku huku kwa Waingereza, mvua ikinyesha ile nyembamba isiyo na haraka ya kwisha, viatu vyangu vya baleti vimo ndani ya mfuko wa mboga. Nilikuwa nakwenda mazoezini. Nilipofika ukumbini, nyuma ya kanisa, niliwakuta wenzangu wamekaa sakafuni na makoti yao, hakuna anayenyoosha viungo. Kelvin alikuwa amesimama dirishani. Huyu alikuwa kijana wa Kijamaika, mzaliwa wa hapa hapa Handsworth, ndiye aliyekuwa akininyanyua juu tulipocheza.

"Lindalva ameanguka," akaniambia. "Kiharusi. Yuko hospitali, hawezi kusema."

Ngoja nikueleze alikuwa nani, maana wewe hukumjua.

Lindalva ndiye aliyeanzisha kundi letu. Alikuwa mama wa makamo kutoka kaskazini-mashariki ya Brazil, mfupi, mwenye miguu mizito na shingo ndefu iliyonyooka. Baleti aliisomea mjini tangu utotoni. Lakini kijijini, kwa mama yake, alirithi ngoma ya kukanyaga. Watu wa kwao wakijenga nyumba ya udongo walikuwa wakiwaita majirani waje kucheza ndani, mpaka sakafu ishindiliwe na kuwa ngumu. Lindalva alizichanganya hizo mbili. Mikono na shingo vilitulia kama vya bibi harusi, na chini ya kiuno miguu ikashindilia udongo. Siku ya kwanza kumwona nilicheka, halafu machozi yakanitoka, kwa sababu kisigino chake kilipiga vile vile kama cha bibi yangu Tanga, siku za harusi. Mtu wa ng'ambo ya bahari nyingine kabisa! Sikuwa na wa kumuuliza imekuwaje.

Sasa, katikati ya ngoma ile palikuwa na sehemu yake peke yake. Sisi tulizunguka, yeye akaingia ndani ya duara, na kisigino chake ndicho kilichotuambia tugeuke, tupande vidoleni au tushuke. Hakuwa na hesabu. Alisikiliza kitu, sijui nini, na sisi tukamsikiliza yeye. Nilimwomba anifundishe, tena si mara moja.

"Baada ya onyesho," alikuwa akijibu. "Shingo yako bado inaogopa."

Kamera hakuitaka. Kelvin aliwahi kuleta ya mjomba wake, akaambiwa airudishe kwenye begi. "Hiyo inaona miguu," Lindalva alisema, "haioni uzito." Tukacheka sote. Onyesho lilikuwa linakaribia, na yeye alikuwa na nguvu kutushinda. Nani angewaza?

Tulikwenda kumwona. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti chenye mikono, upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda kando. Neno pekee lililomtoka lilikuwa "não", yaani hapana kwa Kireno chao. Akitaka maji, não. Akitukaribisha, não, na macho yanacheka.

Nesi mmoja mwenye huruma alitusogezea meza za sebule ya wagonjwa. Kelvin akapiga kwa viganja juu ya meza, mimi nikavua viatu, nikaingia katikati. Nilicheza ile sehemu yake kama nilivyoikumbuka. Nilipomtazama, macho yake hayakuwa yanacheka tena.

"Não."

Nikabadilisha. Nikachelewesha kisigino, nikakiwahisha, nikashusha uzito kwenye nyonga. "Não. Não!" Akaunyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akaanza kupiga mkono wa kiti atuonyeshe. Pigo likaenda kidogo, likakatika. Akaanza tena, likakatika pale pale. Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika, mwanangu. Mwenyewe alikuwa amesikia kwamba sivyo. Si mdomo tu uliokuwa umefungwa. Ngoma yenyewe ilikuwa imeshatoka, na yeye alikuwa anaitafuta kama sisi.

Alilia bila sauti. Nesi akatuomba tumwache apumzike.

Tulirudi siku nyingine, na nyingine. Kila tulipoingia aligeuza kichwa ukutani, mpaka tukaona tunamtesa.

Kisha dada yake akaja kutoka Brazil kumchukua. Jina lake Socorro, mwanamke mkubwa wa umri, mvi tupu, amevaa koti la kuazima. Nilimkimbilia kama mtu aliyeona taa gizani. Nilimweleza habari ya duara na kisigino, Kelvin akisaidia kwa mikono. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mimi niliokoka nikiwa msichana," akasema. "Nikaacha ngoma. Mama alimfundisha Lindalva peke yake."

"Na wengine kijijini?"

"Siku hizi sakafu ni za saruji, binti." Akachukua soksi za dada yake. "Miaka yote hiyo mlikuwa naye. Mlikuwa mnangoja nini?"

Hakuningoja nijibu, alikuwa na mgonjwa wa kumvisha soksi.

Onyesho halikuahirishwa. Mimi na Kelvin tuliijaza sehemu ya katikati kwa mambo ya kubuni, mizunguko na miruko ya kupendeza. Jumba zima likasimama kutupigia makofi. Mama mmoja alinishika mikono, akaniambia ameisikia Brazil ya kale chini ya nyayo zangu. Nikamshukuru. Chumbani kwa kubadilishia nguo nilikaa, rangi bado usoni.

"Wamependa," Kelvin akasema.

"Wamependa nini?"

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.

Kundi lilisambaratika taratibu, hakuna aliyegombana na mtu. Baadaye Socorro alipiga simu kusema Lindalva amefariki. Mimi nimezeeka, na bado nikiwa peke yangu jikoni najaribu, na kabla sijamaliza mzunguko najua kwamba sivyo. Usinitafutie maneno ya faraja. Kitu kile hakipo tena popote duniani.

Basi nisikilize, wewe unayenielewa Kiswahili ukanijibu kwa Kiingereza. Ukimwona mtu mzima anajua kitu, iwe ngoma, dua, ushonaji au namna ya kumliwaza mtoto, usingoje akwambie uko tayari. Mwombe leo. Akikataa, msumbue kesho, hata akuone huna adabu. Jifunze na ile sehemu isiyokuhusu. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mjuzi, usimpime mwanafunzi mpaka astahili. Mpe akiwa bado anakosea, kwa kuwa hujui asubuhi ipi utaamka huna cha kumpa.

Mungu akupe miguu yenye afya na masikio yasiyochoka. Akuwekee wazee wako, nami nikiwemo, na siku tutakapoondoka tuondoke mikono mitupu, chetu chote kiwe kimebaki kwako. Amina.