Utulivu Niliouomba

Mume wangu alikuwa mkali, sifichi. Akigomba kwetu Mji wa Kale, jamaa zetu Bondeni walijua mchuzi umezidi chumvi. Miaka thelathini nilimwomba Mungu ampoze. Siku hizi nawaambia wanawake wenzangu, ukiomba, angalia unaomba nini.

Alipopatikana na presha, daktari alimwambia apunguze hasira kabla hasira hazijampunguza yeye. Dawa nilimtafutia mimi. Nilisikia kwamba pale bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, baada ya Alfajiri, kuna mwalimu mstaafu anayewakalisha kitako wanaume wenye presha na sukari, wakafumba macho na kufuata pumzi zao. Nilicheka. Kuvuta pumzi nako kunataka mwalimu? Lakini nilimnunulia mkeka na raba, nikawa namtoa mlangoni kila siku kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Akatulia kweli. Baada ya miezi michache akaanza kukaa sebuleni pia, kila baada ya Alasiri, kafumba macho, na nyumba nzima kimya. Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Nilizima redio, nikawafundisha watu kunyata, nikawafukuza wapiga hodi kwa kidole mdomoni. Shoga zangu walinionea kijicho. "Umepata mume mpya bila kukaa eda," walinitania.

Huyo mume mpya hakugomba, lakini hakujibu vilevile. Bomba la jikoni lilipopasuka alisema kila kitu hupita. Maji yalipita, mpaka uvunguni mwa kitanda. Nikacheka tena, mjinga mimi.

Kisha binti yetu akaachwa. Alirudi nyumbani na mwanawe wa kike wa miaka minne, na hata kabla hatujazoea kupika chungu kikubwa, wakaja watu wa kuumeni: baba wa mtalaka wake pamoja na ami yake, kutoka Malindi, kanzu zimenyooka kwa pasi. Walitaka mtoto akalelewe huko kwa bibi yake. Mambo hayo kwetu huzungumzwa na wanaume sebuleni. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia na sinia ya kahawa. Sikuwa na hofu. Sheria ilikuwa upande wetu. Mtoto hajafika miaka saba, na mamake hajaolewa tena. Mume wangu alitakiwa aseme hayo tu. Angeyasema kwa ukali wake wa zamani, wageni wangevaa viatu kahawa haijapoa.

Alivuta pumzi. Niliisikia. Akaishusha, akavuta nyingine, na nyingine tena. Wale wakangoja. Ami mtu akakohoa, kisha akasema taratibu, "Bwana anyamaa. Basi ameridhia. Natusome Fatiha."

Fatiha ikasomwa. Binti yangu alining'ang'ania mkono mpaka kucha zikaniingia. Nami neno nilikuwa nalo mdomoni, lote, limeiva, nikaogopa kumfedhehesha mume wangu mbele ya wageni. Niliishika sinia sawasawa isimwagike. Hilo sijisamehe mpaka leo, na sitaki mtu anisamehe kwa niaba yangu.

Mtoto alichukuliwa Ijumaa iliyofuata. Alikuwa halali bila kushika sikio la mamake. Niliwaambia hivyo wale wa Malindi walipokuwa wakimpakia garini, wakasema atazoea.

Nilimsihi binti yangu twende kwa Kadhi.

"Nikaseme nini, mama?" akaniuliza. "Kwamba babangu hana akili? Fatiha imesomwa nyumbani kwake, naye yupo."

Asubuhi moja nikachukua tuktuk mpaka Mama Ngina, nimefura, nikamkuta yule mwalimu akikunja mikeka. Nilimmwagia yote. Nilimwambia kwamba amenichukulia mume, amenirudishia gogo. Hakujitetea. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, macho yake kwangu, na nakiri kwa uchungu kwamba muda mrefu sijasikilizwa na mtu namna ile.

"Mama, mimi sikumfunda kunyamaa," akasema. "Nalimfunda avute pumzi moja, amuone sawasawa aliye mbele yake, kisha anene. Kukaa kote huku kwa kufumba macho ni mazoezi tu. Kazi yenyewe iko nyumbani."

Pumzi moja. Nilirudi nikipita Makadara kwa miguu, nikigongana na watu, hasira zangu sasa hazina pa kutua. Mume wangu alikuwa ametangulia kurudi, nikamkuta sebuleni, tena kwenye mkeka wake. Kwa mara ya kwanza sikunyata. Nilimwita kwa sauti mpaka akafumbua macho, nikamuuliza kama siku ile alikuwa mbali, kama hakusikia waliyoyasema wageni. Nilitaka aseme hakusikia. Ningeweza kuishi na hilo.

"Nalisikia kila neno," akanijibu, kwa upole uleule. "Lakini moyo wangu ulikuwa umetulia, haukupiga mbio kama zamani. Nikaona nikinena, ile raha itaniponyoka."

Nilimwangalia. Hakuona haya. Alidhani amenieleza jambo zuri, na kwamba mimi niliyempeleka huko ndiye wa kwanza kufurahi. Nilitamani arushe sahani ukutani, kama alivyozoea. Walau yule mgomvi alikuwa na sisi chumbani.

Binti yangu siku hizi hukaa dirishani tangu Adhuhuri. Halii wala hasemi. Akiwekewa chakula hula, asipowekewa haulizi. Jana mume wangu alipomaliza kikao chake alisimama akamtazama kwa muda, akatabasamu, akaja jikoni.

"Alhamdulillahi," akaniambia. "Mwanao naye ametulia."