Vipara vya Ukoka wa Babu

Babu yangu Asajile aliwapenda ng'ombe wake, akampenda na bibi, lakini ukoka wa mbele ya nyumba aliupenda kupita kiasi. Mbegu aliitoa Mwaya, alikokuwa akifyeka majani nyumbani kwa Mjerumani mmoja, akaupanda kipande kwa kipande mpaka ukaifikia migomba. Asubuhi, ukungu wa ziwa ukiwa bado umeulalia, alisimama mlangoni akiutazama. Ungedhani anaota.

Shida ilikuwa vipara. Kila masika aliviziba: alilainisha udongo, akamwaga samadi, akachomeka vichipukizi na kuvikandamiza kwa kisigino. Vikishika hapa, kipara kinatokea pale. Alilaumu kuku, akalaumu mchwa. Bibi yangu Neli, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea, alimtazama akicheka kimoyomoyo, maana yeye alijua.

Vipara vile vilikuwa vya mama yangu, Tusekile. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hapiti mbele yake. Baba yangu, Tuntufye, alikuwa amechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo ya vita, na mama, aliyeachwa bado bibi arusi, alitoka kila siku katika kijiji cha vijana waliooa, maana kwetu hawakai na wazazi, kumletea bibi maji. Babu akiketi kulia, mama alizungukia kushoto, kitambaa usoni, mbio. Babu akihamia kushoto, mama alikatizia kulia. Babu hakuwahi kumwona uso. Alimjua kwa hatua zake tu, nyepesi, na maji yakicheza mtungini; na alipozisikia aliacha kila alichokuwa akifanya, akatulia.

Mwaka ule alipanda upya, akafunika kwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasikanyage. Ndilo kosa lenyewe, jamani! Mama alifika na mtungi, akakuta miiba imelala mahali anapopita yeye peke yake. Akautua mtungi chini ya mgomba, akarudi alikotoka. Kesho yake hakuja.

Bibi alimtuma jirani yake, Angetile, akaeleze kwamba miiba ilikuwa ya ng'ombe. Angetile akarudi na jibu: "Anasema ng'ombe hawapiti pale. Anafunga mizigo, anarudi kwa baba yake."

"Basi nenda kamwambie mwenyewe!" bibi alimfokea babu, ingawa alijua hilo halikuwezekana.

Babu akatoka nje. Akaiondoa miiba, akapiga magoti, akaanza kuung'oa ukoka uliokwisha kushika, mizizi ikikatika ta, ta, ta. Aling'oa toka kwenye migomba hadi mlango wa jikoni, upana wa kumtosha mtu na mtungi wake. Aliumia, tuseme ukweli. Kisha akaenda kuketi nyuma ya zizi, akiupa uwanja mgongo. Angetile, aliyeyaona yote hayo, aliondoka mbio bila kutumwa.

Jua likasogea taratibu. Kule mbali ziwa likawa jeupe kama maziwa, likachanganyika na mbingu, na babu hakugeuka.

"Baba Tuntufye!" bibi alimwita babu kutoka ndani. "Amekuja!"

"Najua," babu akajibu, akifuta machozi kwa mikono yenye udongo. "Nimemsikia tangu kwenye migomba."