Shamba langu lilizama, nikaendelea kwenda kuvuna ya wenzangu. Nilikuwa nafuata nini?

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naona vijana mnalalamikia makundi yenu ya kazi: huyu mvivu, yule anajipendekeza. Niwape yangu, kweli tupu, na mnivumilie maana mpaka leo sijaielewa yote.

Miaka ya tisini nilikuwa nalima mpunga Mbingu, barabara ya Ifakara kwenda Mlimba.

Kwa wasiojua, tulivuna kwa zamu. Leo wote kwa fulani, kesho kwa mwingine. Mwenye shamba anapika, wengine mnashika mundu. Usipokuja kwangu, siji kwako. Basi.

Mwaka huo mto ukapanda, ukameza shamba langu lote. Ya wenzangu yalikuwa juu kidogo, yakapona.

Kwa hiyo sikuwa na cha kuvuniwa. Lakini zamu zilipoanza nikabeba mundu wangu, nikaenda. Kwa nini? Nikisema sijui mtadhani nawaficha.

Mwanzoni walinisifu. Baadaye nikifika, maongezi yanakatika.

Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Nilidhani mtu anayetoa bila kudai hupendwa. Kumbe anatisha!

Siku moja tunakula, kiongozi wetu Mama Anjela, mjane asiye na kona kona, akaniita mbele ya wote.

"Baba Neema, sema leo. Unataka nini kwetu? Uongozi?"

"Hapana, dada."

"Anakutaka wewe!" akadakia Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake na kujifunzia mpunga kwetu. "Ndugu yangu, posa haiji na mundu, inakuja na ng'ombe!"

Watu wakavunjika mbavu. Mama Anjela hakucheka.

"Nauliza kweli. Zamu yako tutairudisha wapi? Kama huna jibu, kesho usije."

Wakuu, nilitamani ardhi inifiche. Nikatafuta jibu la heshima, kwamba nasaidia wenzangu. Likagoma kutoka, maana halikuwa la kweli.

Likatoka jingine, hata mimi likanishangaza: "Nyumbani hakuna mtu."

Mke wangu alikuwa Ifakara anamuuguza mama yake, watoto kaenda nao. Pale kwangu nilibaki na vyura wa lile shamba lililozama.

Kisha Masanja, taratibu: "Sasa si ungesema? Sisi tulijua unatutega."

Mavuno yalipoisha, asubuhi moja nasikia hodi. Kundi zima, na miundu yao.

"Leo zamu yako," Mama Anjela akasema.

"Zamu ya nini? Shamba liko chini ya maji!"

"Na haya majani ya uani kwako?"

Wakajipanga mstari, wakayakata huku wanaimba, kama wanavuna mpunga. Nikabaki mlangoni, nicheke au nilie, sijui.

"Unashangaa nini?" Mama Anjela akanifokea. "Mwenye shamba anapika!"

Nikapika. Wali ukaungua. Masanja akamaliza ukoko wote.

Wadogo zangu, nilichoambulia ni hiki: usipojua ulichofuata kwenye kundi, au ukikijua usikiseme, wenzako watakutungia chao. Na kukiri unawahitaji si aibu, ndiko kunakowapa nafasi ya kukurudishia.

Ila nani alimsaidia nani pale, bado sijui.

Wewe kwenye kundi lako ulifuata nini? Jibu la kwanza litakalokujia liache lipite. Tuandikie la pili.