Soketi za Bi Concetta

Mimi ni mpangaji tu katika mtaa huu wa kando ya mto Passaic, hapa New Jersey. Sina nyumba ya kuuza, ndiyo maana mdomo wangu hauna kufuli. Wenye nyumba wana adabu yao moja: kibao cha "Inauzwa" kikisimamishwa uwanjani kwa mtu, wote wanaingiza ndani mipira ya pampu za kunyonya maji, hata kama vyumba vyao vya chini ya ardhi bado havijakauka. Mnunuzi akija anakuta maua, nyasi zilizokatwa, na watu wanampungia mikono.

Bi Concetta Marrazzo aliingizwa mjini hivyo hivyo. Alikuwa mpishi wa shule, mjane, mgongo umechakaa kwa kuinua masufuria. Mzee Gorski, mwenye nyumba, alipomtembeza ndani, Concetta akashangaa kuona soketi za umeme zote ziko usawa wa kiuno.

"Nilizipandisha kwa ajili ya marehemu mke wangu," Gorski akamwambia. "Ukifika umri wetu, ya nini kuinama?"

Concetta akampenda mzee wa watu. Akanunua nyumba, kisha akampelekea bakuli la ziti, zile tambi za kuoka, kama shukrani. Wakati ule sheria ya jimbo haikumbana muuzaji aseme habari za mafuriko, na Gorski hakuwa mtu wa kusema asichobanwa.

Vuli iliyofuata mto ukaingia sebuleni. Maji yalisimama chini kidogo ya soketi, na hapo Concetta akaelewa zilipandishwa kwa ajili ya nini. Majirani walikuja na mifagio na supu, wakafanya kazi kama ndugu. Augie Brandt, wa nyumba ya tatu kutoka kwake, ndiye aliyembebea zulia mpaka barabarani.

"Mlijua?" Concetta akamuuliza.

"Connie, nani asiyejua?"

"Mimi."

"Basi sasa unajua. Karibu mtaani!"

Akacheka, tena kwa moyo mweupe kabisa. Kicheko kile kinanichefua mpaka leo.

Miaka ikapita, maji yakarudi, akakarabati tena. Binti yake kule Ohio alikuwa amemtengea chumba, lakini Concetta hakutaka kwenda mikono mitupu na kuwa mzigo. Alitaka kwenda na thamani ya nyumba yake, kwa kuwa hakuwa na kingine. Alipoweka kibao, sheria ilikuwa imebadilika: muuzaji lazima aandike kwenye fomu kama nyumba iliwahi kuingia maji.

Augie alikuja na kahawa, akaketi kibarazani bila kukaribishwa.

"Kuna mahali pa kujibu 'sijui', Connie. Jibu hapo, yaishe."

"Nimezoa matope kwa mikono hii, nitasemaje sijui?"

"Ukimwaga mtama umetumaliza wote. Nani atanunua huku?"

"Gorski aliniuzia mbuzi kwenye gunia. Unataka na mimi nimuuzie mwingine?"

"Nataka uende kwa mwanao, mama! Unadhani Gorski anakosa usingizi kule Florida?"

Concetta aliandika ukweli wote. Lakini watu hutazama nyumba kabla ya kusoma karatasi, na wiki ile wakaja Maribel na mumewe Teo, tumbo la Maribel ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Mimi nilikuwa jikoni nikimfungia bomba. Maribel akapapasa ukuta, akatabasamu.

"Teo, ona, soketi ziko juu! Mtoto akianza kutambaa hatazifikia."

Concetta akaitazama soketi. Nilijua anachowaza, maana hata mimi nilikiwaza: anyamaze kidogo tu, wale vijana waipende nyumba kwanza.

"Si za mtoto, mwanangu," akasema. "Ni za maji."

Akawaonyesha yalipofika. Wakamshukuru sana, wakaondoka mbio.

Hakuja mwingine wa maana. Mtaani wakaacha kumsalimia, na mwishowe akaking'oa kibao chake mwenyewe. Kwa Augie tukaanza kusikia mashine ya kutoboa ukuta, nikadhani anatundika makabati. Kisha na yeye akaweka kibao. Nyumba ikaenda upesi, naye akaenda zake.

Jumamosi moja nimeketi na Concetta kibarazani kwake, Maribel akatokea na keki.

"Tumekuwa majirani! Tumenunua kwa Augie. Mtaa tuliupenda, ila kwako tuliogopa maji."

"Kwa Augie?" Concetta akasema. "Nyumba ya tatu tu kutoka hapa?"

"Ametuambia maji huishia kwako, kwake ardhi imeinuka. Eti wewe ni hodari wa kutia chumvi." Akacheka. "Na kweli, soketi zake ziko chini, kama kwa watu wote."

Hapo nikaielewa ile mashine, na hasira zikanipanda mpaka masikioni. Concetta aliweka kisu cha keki mezani.

"Krismasi iliyopita ni mimi niliyechomeka taa za mti wa Augie," akasema. "Soketi ilikuwa hapa."

Akaweka mkono kiunoni mwake. Ulikuwa usawa mmoja na tumbo la Maribel.

Maribel akageuka kutazama barabara. Mtaani hapakuwa na kibao hata kimoja sasa, na usiku mvua ilikuwa imenyesha. Ng'ambo ya barabara mtu alifungua dirisha la chumba cha chini, akatoa mpira wa pampu. Jirani yake naye akautoa wake.

"Ile mipira," Maribel akauliza, "ni ya kumwagilia maua?"