Mkaa wa Bi Zuhura Sebuleni

Majuzi nilialikwa harusini mjini Katy, karibu na Houston, katika nyumba mpya ya familia moja ya Kizanzibari. Nilikuwa nainama kuvua viatu mlangoni mwanamke mmoja alipopita na chetezo. Harufu ya udi ilinipanda puani, na chini yake, nyembamba kama uzi, harufu ya mkaa uliokolea. Miguu yangu ilirudi nje yenyewe. Wenzangu wa chuo tuliokuja nao walidhani naona haya. Sikuwaeleza. Nyinyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tuliishi Carrollton, jimbo la Texas huko Marekani, ghorofa ya pili, katika fleti ambazo kila kitu kilitegemea umeme: taa, jiko, maji ya moto, hata joto la nyumba. Mama alikuwa muuguzi hospitalini. Baba alikuwa mhasibu katika ofisi moja kubwa kule Plano, na aliamini hakuna shida duniani isiyokubali kupangwa. Mdogo wangu Kamau alikuwa na miaka mitano. Kiswahili alikielewa chote, ila majibu yake yalitoka kwa Kiingereza. Chini yetu aliishi Bi Zuhura, mama wa makamo kutoka Unguja, ambaye mumewe aliendesha lori na mara nyingi alikuwa safarini.

Theluji ilipotangazwa, Mama alifunga mkoba wa nguo akaenda kazini mapema, maana alijua barabara zikishageuka kioo hakuna atakayempokea mwenzake zamu. Mlangoni alimwambia Baba, "Chumba kimoja. Watu wote, chumba kimoja. Na ukitaka kuwasha gari uchaji simu, kwanza ondoa theluji kwenye bomba la moshi."

Kesho yake tuliamka nje kumekuwa kweupe na ndani kumekuwa kimya. Ule mngurumo wa mashine ya joto, ambao sikuwahi kujua kwamba nausikia, haukuwepo. Umeme ulikuwa umekatika.

Baba alifurahi, kusema kweli. Alikuwa amezaliwa Kinangop, nyanda za juu za Kenya, kwenye umande unaouma vidole, na alitangaza kwamba baridi ni ndugu yake. Alivaa koti la suti juu ya pajama, akajifunga leso ya Mama kichwani, akaanza kazi. Magodoro yote yaliletwa sebuleni. Mablanketi yalitundikwa kwenye milango ya vyumba. Taulo zilisokotwa zikasukumwa chini ya mlango wa nje, na nyufa za madirisha zikazibwa kwa utepe wa kufungia maboksi. Mabomba yalipoganda tulichota theluji kwa ndoo ili tupate maji ya kumwaga chooni, na Kamau akaniambia hiyo ndiyo siku bora kuliko zote alizowahi kuishi. Tulikula chapati baridi na ndengu baridi chini ya meza ya chakula, tumefunikwa kama mahema ya wachuuzi. Tulikuwa salama, na tulijua tuko salama.

Mama naye alipiga simu kila alipopata upenyo, na kila mara alitaka tucheze mchezo wake. Ilibidi kila mtu ataje majina yake yote, ahesabu kutoka ishirini kurudi nyuma, kisha aseme alichokula mwisho. Kamau aliupenda mchezo huo kupita kiasi. Namba alizipiga kelele mpaka simu ikakwaruza.

"Na wewe, Baba Nyambura," Mama alisema.

"Mimi? Mtu ananilipa kuhesabu, nawe unanipa mtihani?"

"Hesabu."

Akahesabu, huku akinung'unika.

Siku ya pili pumzi zetu zilikuwa zinaonekana ndani ya nyumba. Mchana tukasikia hodi. Alikuwa Bi Zuhura, amejitanda kanga tatu juu ya jaketi, na mikononi, kwa vitambaa viwili, amebeba sufuria kubwa iliyojaa mkaa mwekundu.

"Nimekuleteeni moto," alisema akihema. "Watoto watakufa na baridi na mimi chini nina gunia la mkaa? Wallahi haiwezekani."

Ngazi za nje zilikuwa barafu tupu. Mpaka leo sielewi alizipandaje na mzigo ule. Baba alimpokea kama aliyeletewa mfalme. Sufuria iliwekwa juu ya matofali katikati ya sebule, mlango ukafungwa, taulo ikarudishwa chini yake. Bi Zuhura alidondosha kipande cha udi, na chumba kikanukia kama sikukuu.

Joto lile! Vidole vilirudi, masikio yakarudi. Baba alisimulia habari za jikoni kwa bibi yake, walivyokuwa wakiota moto mpaka magoti yanabadilika rangi. Bi Zuhura alicheka, akajiegemeza ukutani. Baada ya muda Baba akawa anasimulia polepole, kisha akanyamaza. Nami nilihisi uzito mtamu nyuma ya macho, nikadhani ndiyo raha yenyewe.

Simu ikalia. Ilikuwa mkononi mwangu.

"Haya," Mama alisema, "nipe Kamau ahesabu."

Nilimtikisa Kamau. Alifungua macho, akaitazama simu, akageuka upande wa pili. "I don't wanna," alisema. "My head hurts."

Mama hakumwita tena; aliniita mimi.

"Nyambura, mmewasha nini humo ndani?" Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Bi Zuhura ametuletea mkaa."

"Sawa. Sikiliza. Fungua mlango wa nje uuache wazi. Mtoe Kamau nje, mpaka kwenye ngazi. Usitafute viatu. Kisha rudi mlangoni uwaite Baba na Bi Zuhura kwa sauti kubwa. Usikate simu."

Niliposimama sakafu iliyumba. Taulo ilikuwa imenasa chini ya mlango; niliivuta kwa nguvu zote, na baridi ikaingia kama mtu aliyekuwa akingoja kwa hasira. Nilitia simu mfukoni, nikamburuta Kamau kwa blanketi lake. Nikarudi mlangoni nikapiga mayowe ambayo sikujua ninayo. Baba aliinuka, akaanguka kwa magoti, akainuka tena. Bi Zuhura hakuamka. Baba alimshika chini ya makwapa, mimi nikashika miguu, tukamtoa.

Kwenye ngazi, theluji ikimwangukia usoni, Bi Zuhura alikohoa, akatapika, akauliza nani amemvua kanga.

Wazima moto, walioitwa kutoka hospitalini kwa Mama, walifika kwa shida, gari lao limefungwa minyororo kwenye magurudumu. Mmoja wao alinyoosha kifaa kidogo mlangoni petu nacho kikalia bila kukoma. Alitueleza kwamba mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kule Kinangop ilikuwa ikitoka nje kupitia mianya ya paa. Sisi mianya yote tulikuwa tumeiziba kwa mikono yetu. Walituvisha barakoa za oksijeni, wakatoa sufuria, wakatuacha tukiwa wazima, na nyumba ikiwa baridi kuliko kaburi. Tuliingia wanne chini ya mablanketi yote, tumebanana kama vijiti vya kiberiti. Hilo lilitosha.

Bi Zuhura alilia siku ile nzima. "Nimetaka kuua watoto wa watu," alirudia.

Barafu ilipoyeyuka Mama alirudi. Hakutukumbatia kwanza, alitazama midomo yetu na kucha zetu, mmoja baada ya mwingine. Kisha alishuka chini kwa Bi Zuhura, nami nikamfuata. Alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Ulipanda barafu na moto mkononi kwa ajili ya wanangu. Hilo ndilo nitakalolikumbuka." Akarudi juu, akalala na viatu miguuni.

Mimi hakuniambia neno, na nilinuna. Nilijiona shujaa, na nilishangaa jinsi alivyokuwa mtulivu kwenye ile simu, kana kwamba ananiagiza mkate dukani. Kwa muda mrefu nilidhani hakuwa ameogopa sana.

Nilipokuwa naagwa kwenda Houston kusomea uuguzi, Auntie Njoki, aliyefanya zamu ile pamoja na Mama, alinivuta jikoni. Alinieleza kwamba tangu umeme ulipokatika walikuwa wakipokea familia zilizowasha mkaa ndani ya nyumba, na si wote waliopona. Ndiyo maana ya kuhesabu: aliyevuta sumu ile kichwa humuuma na namba humchanganya.

"Mama yako aliongea nawe amesimama wima," Auntie aliniambia, "mpaka aliposikia Zuhura anakohoa. Hapo akaweka simu chini, miguu ikamwisha, tukamwokota sakafuni watu wawili. Akanywa maji. Halafu akarudi kwa wagonjwa."